Fulana za bibi

Ndugu msikilizaji, wiki mbili zilizopita niliomba ruhusa kazini nikaenda kwetu Usoke. Kwa wale wasiopafahamu, Usoke ni kituo kwenye Reli ya Kati, ukishatoka Tabora mjini unaelekea Kigoma, kabla hujafika Urambo. Tulikuwa tunafanya kumbukumbu ya mama yetu mzazi, aliyetutoka mwaka mmoja uliopita. Dada zangu walichukua mambo ya chakula, kaka yangu akachukua maturubai na viti, na mimi, kwa kuwa ndiye ninayekaa mjini na ninayesemekana kuwa na macho ya mjini, nikakabidhiwa fulana.

Siku hizi shughuli bila fulana si shughuli. Harusi ina fulana zake, msiba una fulana zake, kwaya, kikoba, timu ya mchangani, mahafali ya darasa la saba, wote fulana. Kikao cha ukoo kilikubaliana zishonwe 36 kwa ajili ya wajukuu, nyeupe, maandishi meusi: juu jina la marehemu, chini yake maneno matatu, BIBI YETU DAIMA.

Hapo ndipo mpwa wangu aliponipigia simu. Ni kijana wa dada yangu mkubwa, ana miaka 24, na kwa mwaka wa tatu sasa anachapa fulana pale pale nyumbani kwao Usoke. Mtaji wake wa kwanza ulitoka kwenye malipo ya tumbaku ya mama yake. “Shikamoo mjomba,” akasema, “hizo fulana za bibi naomba uniachie mimi.” Nikamjibu jibu lile ambalo sisi wakubwa huwajibu watoto tunapokuwa tumekwisha kata shauri: kwamba nimemsikia, na tutaona. Kisha nikapeleka kazi kwenye karakana moja mjini, ambayo sitaitaja, yenye mashine, kiyoyozi na kijana wa mapokezi aliyevaa tai. Nilijiambia kuwa mambo ya heshima hayafanyiwi majaribio.

Nilifika Usoke Ijumaa jioni na kiroba changu cha fulana, kumbukumbu ikiwa ni kesho yake. Watoto wakakizunguka kiroba. Binti wa kaka yangu, mwanafunzi wa darasa la nne, akaitandaza fulana ya kwanza juu ya mkeka, akasoma kwa sauti kama walivyomfundisha shuleni: “Bibi ye-nu dai-ma.” Akanigeukia. “Baba mdogo, kwani bibi ni wao?”

Ndugu msikilizaji, fulana zote 36 zilikuwa zimeandikwa BIBI YENU DAIMA. Wajukuu wa marehemu walikuwa wasimame kaburini, mbele ya ukoo na majirani, wakiwatangazia waombolezaji kwamba huyu aliyelala hapa ni bibi yenu ninyi, si yetu. Shangazi mmoja alicheka mpaka akatoka nje. Wengine hawakucheka.

Nilitafuta simu yangu ili niwapigie wale wa mjini niwaoneshe moto. Kabla sijapiga nikaona picha ya mfano waliyokuwa wamenitumia siku tano nyuma kabla ya kuchapa. Herufi N ilikuwa pale, kubwa kuliko kidole. Na chini yake nilikuwa nimejibu neno moja: “Safi.” Mimi, mtu ninayekula mshahara kwa kusahihisha maandishi ya wenzangu.

Mpwa wangu aliitwa. Hakucheka na wala hakunikumbusha simu yake. Alichukua fulana moja, akailoanisha kwa mate, akasugua herufi kwa kidole gumba, akaikunja, akaitazama nyuma na mbele. Akasema, “Kitambaa ni pamba, kinapokea. Hiyo N haifutiki, ila inaweza kufunikwa. Mjomba, tuchukue taa.”

Karakana yake ni bani. Wenyeji wa Tabora mnalijua, ila kwa wengine nitasema kuwa bani ni kile kijumba kirefu cha tofali, kisicho na madirisha, ambamo tumbaku ya mvuke hukaushwa ikiwa imening’inizwa kwenye fito. Msimu wa tumbaku ukiisha bani hukaa bure. Kijana huyu aligundua kuwa nyumba isiyo na madirisha ndiyo hasa anayoihitaji mchapaji, maana dawa inayopakwa kwenye wavu hukaushwa gizani. Tumbaku ikirudi, yeye hutoka. Fito zile zile za tumbaku ndizo anazoanikia fulana, na lazima niseme ukweli kwamba zinatoka na harufu kidogo.

Nieleze kazi yenyewe, kwa sababu nimegundua wengi tunavaa vitu hivi bila kujua vinavyofanyika. Kuna fremu ya mbao. Yake ni ya mninga, alioutoa kwenye mabaki ya seremala, akasema mninga haujipindi ukilowa na kukauka, na fremu ikijipinda maandishi nayo hupinda. Juu ya fremu huvutwa wavu mwembamba, ukakazwa mpaka ukiupiga kidole unalia kama ngoma. Kwa kazi za kawaida hupaka dawa inayoshika mwanga, akaikausha gizani. Mchoro huuandika kwa rangi nyeusi kwenye karatasi, akaipaka karatasi mafuta ya kula ili ipitishe mwanga, akaibandika juu ya wavu na kuupeleka juani. Palipofikiwa na jua dawa inakuwa ngumu. Palipokingwa na weusi wa maandishi inabaki laini, na ukimwagia maji inatoka. Basi wavu unabaki umezibwa kila mahali isipokuwa kwenye umbo la herufi. Unaulaza juu ya fulana, unamwaga wino upande mmoja, unauvuta kwa ubao wenye ukingo wa mpira, mara moja, mkono usitetemeke. Jua la Usoke, ambalo sote tunalilaumu, ndilo mashine yake.

Lakini ilikuwa usiku, na jua halikodishwi. Ikabidi arudi kwenye njia ya zamani zaidi, ya kukata herufi kwenye karatasi kwa wembe. Na hapo nikajifunza jambo ambalo sikuwahi kulifikiri katika miaka yote ya kushika kalamu. Ukikata herufi B kwenye karatasi, vile vijitundu viwili vya ndani vinadondoka, na herufi inakuwa doa tu. Herufi A vivyo hivyo, na D. BIBI YETU DAIMA ina vijitundu saba vya namna hiyo, mvihesabu wenyewe. Yeye alivikusanya kwenye kiganja, akavipanga kimoja kimoja mahali pake chini ya wavu, na wino wa mvuto wa kwanza ukavigandisha.

Kwanza alichapa ukanda mweusi juu ya mstari mzima uliokosewa, na weusi ukameza weusi. Halafu juu ya ukanda ule akachapa maneno upya kwa wino mweupe, mara mbili, kwa sababu mweupe juu ya mweusi ukiupaka mara moja unatoka kijivu. Kati ya mara moja na nyingine lazima ukauke. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba fulana kutoka mezani hadi kwenye fito, nikiwa nimeshika mabega yake kwa vidole viwili kama anayembeba mtoto aliyelowa.

Nikiwa pale nilikuwa nawaza habari za nguo katika nchi hii. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikatiza Unyamwezi yetu hii. Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, na sehemu kubwa ya mizigo ya misafara ya wakati ule ilikuwa nguo. Nguo ndiyo iliyokuwa fedha, ndiyo posho ya wapagazi, ndiyo hongo ya watemi. Ilipimwa kwa mikono: minne ni shuka, minane ni doti. Iliyotakiwa zaidi ni ile pamba isiyopaushwa iliyoletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, huko Massachusetts, na kwa sababu hiyo ikaitwa merikani. Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1861 hadi 1865, pamba yao ikaadimika, viwanda vya Uingereza na baadaye vya Bombay vikaingia kujaza pengo, na watu wakaendelea kusema merikani. Wakati huo huo Wafipa, kusini magharibi ya hapa, walikuwa na vitanda vyao vya kufumia pamba yao wenyewe, na wengi wetu hatujui. Babu zetu walibeba mabegani nguo ya watu wengine yenye jina la watu wengine. Nami nilikuwa nimeshuka kwenye basi jioni ile na kiroba changu.

Kulipokaribia alfajiri nikainua taa kuangalia ukutani, nikaona fremu nyingine zimetundikwa. Kwenye moja kulikuwa na nembo ya Simba. Kwenye ya pili nembo ya Yanga. Mjomba mtu nikapata pa kusimamia, maana usiku kucha sikuwa na neno. Nikamwambia hizo nembo zina wenyewe, kwamba iko Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na kwamba Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia na kuziteketeza. Nikamwambia klabu zinaishi kwa kuuza jezi zake. Nilisema vizuri, kama ninavyosema hapa.

Alikuwa anafuta ubao wake kwa kitambaa. “Ni kweli mjomba,” akasema. “Najua. Sasa nichape nini? Za shule wanapeleka Tabora. Za kwaya wanapeleka Mwanza. Za uchaguzi zinakuja kwa lori, za bure. Za bibi yangu mmepeleka mjini.”

Sikuwa na jibu, na nakiri mbele yenu kwamba sina hadi leo lililo kamili. Kuchapa nembo ya mwingine ni kosa, hilo silirudishi nyuma. Lakini kijana huyu ushindani wake si wa mashine tu. Tangu uchaguzi wa vyama vingi wa 1995, kila baada ya miaka mitano vijiji vyetu vinavishwa fulana ambazo hakuna aliyezinunua, na mtu akishapata tatu za bure haoni kwa nini anunue ya nne. Mchezo huo si wetu peke yetu. Marekani, mwaka 1948, mgombea Thomas Dewey alikuwa na fulana zilizochapwa jina lake, na Truman akamshinda. Mimi naamini fulana za kampeni zingechapwa katika wilaya zinakovaliwa, vijana wa namna hii wangekuwa na kazi japo mara moja kwa miaka mitano, ila najua nani ataniambia haiwezekani.

Kilichobaki ilikuwa moto. Wino usiopashwa joto hutoka siku ya kwanza ya kufuliwa, na hapo ndipo wachapaji wengi wa nyumbani wanapoharibu jina lao. Wino wake unataka joto la nyuzi 150 na ushee kwa dakika kadhaa. Alikuwa na pasi mbili za mkaa, moja ikipata moto nyingine ikifanya kazi, na gazeti kati ya pasi na herufi. Dada yangu, mama yake, aliamka akaja kushika pasi ya pili bila kuulizwa. Hakunisemesha mpaka fulana ya mwisho. Kisha akaniambia, “Ungetusikiliza tangu mwanzo, wote tungelala.”

Kumbukumbu ilikwenda vizuri. Wajukuu 36 walisimama kaburini, na ukanda ule mweusi kifuani watu waliudhania ni alama ya msiba iliyokusudiwa. Mzee mmoja wa ukoo alinisifu kwa kubuni. Nilimwonesha aliyebuni, alikuwa nyuma kabisa, amesinzia huku amesimama.

Juzi dada alinipigia simu kusema fulana zimefuliwa mara mbili kwa sabuni ya mche na herufi hazijatikisika. Siku hiyo hiyo niliingia kwa mkuu wangu wa kazi, kwa sababu ofisi yetu inahitaji fulana 80 za sherehe. Nikamweka wazi kwamba mchapaji ni mpwa wangu, ili asije akasikia kwa watu. Akaniuliza maswali mawili: je, tutapata sampuli, na je, ana namba ya mlipakodi? Sampuli imeshafika, kwa basi, ikinukia tumbaku kwa mbali. Niliisoma herufi kwa herufi, nikampa na mwenzangu aisome. Namba ya mlipakodi hana. Nimemwambia aende Urambo Jumatatu akaulize, na yeye ameniuliza kama mkuu wangu anaweza kusubiri hadi Jumatano.