Picha na Maneno Yake



Nimeombwa kusema machache juu ya kuchagua picha za makala yetu ya mafunzo. Jambo hili laonekana dogo. Lakini mkulima hutazama picha kabla ya kusoma maneno, na asiyejua kusoma hana mwalimu mwingine katika karatasi ile ila picha.

Hapa Mpanda twalima tumbaku ya mvuke. Majani yake huchumwa kidogo kidogo, kuanzia chini ya mche kwenda juu, kadiri yanavyoiva. Ile iitwayo burley huweza kukatwa mche mzima. Siku moja nilipata karatasi yenye maneno sahihi juu ya uchumaji wetu, lakini picha yake ilionyesha mtu akikata mche mzima. Jirani yangu akaniuliza, "Mzee, tushike lipi, neno au picha?"

Tena jani bivu hujulikana kwa rangi, kijani kinapoanza kugeuka manjano. Wino mweusi hauwezi kuonyesha hayo. Basi tukikosa rangi, tuchague picha ya mkono ukichuma majani ya chini, na habari ya rangi tuyaachie maneno. Jani lililochumwa bichi halirudi shinani: bei hushuka, na deni la pembejeo hubaki palepale.

Kabla ya kupiga chapa, tumwonyeshe mkulima picha peke yake, tumwulize, "Waona nini?" Akijibu yale tuliyoandika, picha hiyo yafaa.