Gumba Lililobeba Bendi

 

Kabla Kenya haijapata uhuru, George Mukabi wa Kisa, huku Kakamega, alipiga gitaa kavu lililofanya kazi ya watu wawili. Kidole cha shahada kilicheza wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Gumba likabaki kwenye nyuzi nene, likitembea na besi. Huo ndio mtindo wa omutibo. Ngoma hazikuwapo, basi chupa ya Fanta ikakwaruzwa, kama walivyofanya pia wanamuziki wa kundi la Abana ba Nasery wa Bunyore. Mukabi aliuawa mwaka 1963, lakini wimbo wake Sengula Nakupenda haujazeeka.

Kule Oakland, Marekani, mwanamuziki Larry Graham naye alikuwa na upungufu wake. Alizaliwa 1946, na ujanani alipiga muziki vilabuni pamoja na mamake, Dell, mpiga piano na mwimbaji. Larry alishika gitaa huku miguu ikikanyaga besi ya ogani. Ogani ikaharibika. Akakodi gitaa la besi, akidhani ni la siku chache tu. Ogani haikutengenezeka. Kisha mpiga ngoma akaondoka. Hapo Graham akaanza kugonga nyuzi kwa gumba ili apate kishindo cha ngoma kubwa, na kuzifyatua kwa kidole ili apate mlio wa ngoma ndogo. Kama ndivyo besi inavyopigwa au sivyo, hakujali; moyoni alikuwa bado mpiga gitaa la kawaida.

Wahitimu wa ualimu na uuguzi, mtakaokabidhiwa vituo vyenye vifaa nusu, mtamwelewa upesi. (Hii si ruhusa kwa serikali kuacha kununua vifaa.)

Sly Stone, mtangazaji wa redio, alimsikia na kumchukua katika bendi yake, Sly and the Family Stone: weusi kwa weupe, wanaume kwa wanawake, wakichanganya soul na roki ya saikedeliki. Sauti nzito ya Graham imo katika wimbo Dance to the Music. Agosti 1969 walipiga kwenye tamasha la Woodstock usiku wa manane, na mwaka huohuo gumba la Graham likabeba wimbo Thank You. Dawa za kulevya na ugomvi vikaivuruga bendi. Graham akaondoka 1972, akaunda bendi yake, Graham Central Station.

Mwaka 1980 fundi huyo wa vishindo alitoa One in a Million You, wimbo wa mapenzi wa taratibu, nao ndio uliovuma kuliko vyote alivyoimba peke yake.

Hongereni.