Udongo Mchachu na Shamba la Ngano

Leo tutazungumza juu ya udongo.

Pengine umepanda ngano, ukatia mbolea, ukapalilia. Walakini imedumaa na majani yamekuwa ya manjano. Usiseme umerogwa. Huenda udongo wako umekuwa mchachu. Katika nyanda zetu za juu mvua ni nyingi, nayo huosha chokaa iliyomo ardhini mwaka kwa mwaka. Mbolea ya S.A. huongeza uchachu huo.

Uchachu hupimwa kwa namba iitwayo pH. Namba 7 ni katikati. Ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyomo udongoni huyeyuka na kudhuru mizizi ya ngano. Mizizi mifupi haifikii maji wala chakula. Tena mbolea ya fosfeti hushikwa na udongo, isiufikie mmea. Hivyo fedha yako umeizika bure.

Dawa yake ni chokaa ya kilimo, yaani jiwe la chokaa lililosagwa. Jiwe hilo limo hata katika bonde la Songwe. Lakini usinunue kabla ya kupima. Chukua udongo mahali 10 au zaidi shambani, kina cha sentimita 20. Uchanganye katika ndoo safi, utoe nusu kilo, umpelekee Bwana Shamba ili upimwe.

Tuseme umeambiwa utie tani 1 kwa ekari. Tani 1 ni kilo 1,000. Mfuko una kilo 50. 1,000 gawanya kwa 50 ni mifuko 20. Kila mita ya mraba itapata kiasi cha robo kilo. Funga kitambaa puani, itawanye siku isiyo na upepo, kisha lima ichanganyike na udongo. Fanya hivyo mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda. Usiichanganye na S.A. wala yurea, maana nguvu ya mbolea itapotea hewani. Wala usizidishe kipimo. Chokaa nyingi mno hudhuru pia.

Chokaa haishiki mahali pa mbolea. Mbolea na samadi bado zatakiwa. Ukiwa na shaka, tia nusu ya shamba, nusu uiache. Wakati wa mavuno hesabu magunia ya kila upande. Shamba lenyewe litakufundisha.

Maswali
1. Kitu gani hudhuru mizizi katika udongo mchachu?
2. Kwa nini tupime kwanza?
3. Ekari 3 zahitaji mifuko mingapi?