Taa za Urembo Ndani ya Gari

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo. Ni hizi taa za LED za rangi rangi ambazo vijana wetu wanazibandika chini ya dashibodi, chini ya viti na hata kwenye dari za magari yao. Pita Ngamiani usiku, au Chumbageni siku ya harusi, utaziona: buluu, zambarau, kijani, nyekundu. Zimo katika magari ya watu binafsi, katika teksi na katika bajaji. Nimeulizwa mara nyingi: je, taa hizi ni salama?

Wako wanaotaka zipigwe marufuku moja kwa moja. Wako pia wanaosema taa ni taa, mwacheni kijana apambe chombo chake. Mimi nasema wote wawili wamejibu kabla ya kulitazama jambo lenyewe.

Tuanze kwa haki. LED yenyewe haina ubaya. Ile nyekundu ya kwanza yenye mwanga wa kuonekana kwa macho iliundwa Marekani na Nick Holonyak mwaka 1962. Ile ya buluu yenye mwanga mkali iliwatoa jasho wataalamu kwa miaka mingi, na waliofanikiwa, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Taa hizi hula umeme kidogo na hazichomi kama globu za zamani. Viwanda vinavyounda magari navyo huziweka humo ndani. Basi hatari haiko katika taa. Iko mahali pawili: katika waya, na katika jicho la dereva.

Tutazame waya. Utepe wa kawaida wenye vitaa 60 kila mita unaweza kula wati 14 hivi kwa mita. Vipande vinne vifupi vya miguuni si kitu. Havifiki hata ampea 2. Lakini kijana akinunua roli zima la mita tano na kulizungusha gari lote, hizo ni wati 70 na zaidi, yaani karibu ampea 6 kutoka kwenye betri ya volti 12. Akilisahau limewaka usiku kucha, asubuhi atatafuta watu wa kumsukuma.

Hilo la betri ni usumbufu tu. Balaa ni waya uliounganishwa moja kwa moja na betri bila fyuzi. Waya huo ukibanwa na reli ya kiti, ukachubuka na kugusa bodi, unapiga shoti. Betri ya gari ina nguvu ya kuzungusha injini. Haishindwi kuufanya waya mwembamba uwe mwekundu kama kaa la moto. Na waya huo umelala wapi? Chini ya zulia, pembeni mwa sponji za viti. Fyuzi ndiye mlinzi wa waya. Ikikatika inakwambia kuna jambo, litafute. Anayeitoa akaweka kipande cha waya au karatasi ya sigara amemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango.

Nasi wa pwani tuna jambo letu la ziada. Hewa ya Tanga ina chumvi na unyevu. Kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi kitaota kutu ya kijani, kitalegea, na kiungo kilicholegea hupata joto. Halafu jua letu: gari likishinda limeegeshwa juani Raskazone, gundi ya utepe inayeyuka na utepe unaning'inia. Ukianguka kwa abiria, ni kero. Ukianguka miguuni mwa dereva ukajizungusha kwenye pedeli ya breki, hiyo ni ajali inayosubiri siku yake. Tena magari mengi tunayoyapokea kutoka Japani yana mifuko ya hewa katika usukani na dashibodi, na mengine hata kwenye nguzo za pembeni na kandokando ya dari. Fundi asiyejua akipitisha waya humo anaweza kuuzuia mfuko usifunguke sawasawa siku unapohitajiwa.

Sasa tuje kwenye jicho. Muulize mvuvi wa dagaa anayekesha baharini na karabai. Atakwambia ukiitumbulia macho taa yako, huoni chombo kilicho gizani. Jicho linafumba mboni yake mbele ya mwanga, na kulizoea giza kikamilifu kunachukua karibu nusu saa. Mwanga wa ndani ya gari pia hugonga kioo cha mbele na kurudi, ukawa kama pazia jembamba kati ya dereva na barabara. Mwanga wa buluu na mweupe ndio unaoliharibu zaidi jicho la usiku. Mwekundu hafifu unaliharibu kidogo, ndiyo maana mabaharia na marubani wamekuwa wakiutumia gizani.

Na barabara zetu tunazijua. Tanga ni mji wa baiskeli. Kuanzia Kange kwenda Muheza, na kutoka Muheza mpaka Segera, utamkuta mzee na gunia la mkaa nyuma ya baiskeli isiyo na taa wala kiakisi. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, linakwenda mita 22 katika sekunde moja. Dereva aliyechelewa kumwona mzee huyo kwa sekunde moja tu, kwa sababu gari lake linameremeta kama ukumbi wa harusi, amezila mita 22 ambazo zingetosha kumkwepa. Pambo ni la mwenye gari, lakini gharama yake inalipwa na mtu mwingine ambaye hata hakuulizwa.

Wenzetu wa Kenya, ng'ambo ya Horohoro, wanajua jinsi mapambo ya matatu yanavyopendwa. Mwaka 2004 serikali yao ilibana usafiri wa abiria kwa kanuni zinazoitwa kwa jina la Waziri Michuki. Mikanda na vidhibiti mwendo vilikuwa lazima, na mstari wa njano ukapakwa ubavuni. Miaka kumi baadaye michoro na rangi zikaruhusiwa tena. Kwangu mimi funzo ni kwamba urembo na usalama vinaweza kukaa pamoja, mradi usalama ukae kiti cha mbele.

Basi kijana wangu, kama unataka taa, fanya hivi. Mtafute fundi umeme wa magari anayejua kazi. Achukue umeme kwenye kisanduku cha fyuzi, mahali panapozimika ukitoa ufunguo. Aweke fyuzi ndogo, ya ampea 2 au 3 kwa vipande vya miguuni, karibu kabisa na anapochukulia umeme. Viungo vilehemiwe na kuvishwa mipira. Waya zifungwe mbali na pedeli, reli za viti na mifuko ya hewa. Taa zikae chini, zitazame sakafu, wala jicho lisiuone utepe wenyewe. Ziwe na swichi ya kuzimia na kupunguza mwanga. Zinazomwekamweka ziache kabisa gari likiwa barabarani, na buluu au nyekundu isionekane kwa nje, maana watu wataidhania ya polisi au ya gari la wagonjwa.

Siku ya harusi gari likiwa limesimama nje ya ukumbi, washa zote bibi harusi afurahi. Gari likiondoka, zima. Na wewe abiria wa teksi au bajaji, usione haya kusema, "Kaka, naomba uzime hizo taa, tuone njia." Umelipa nauli ufike.