Jukwaa la Lubaina Himid
Mhadhara wa umma uliotolewa Mlowo, Mkoa wa Songwe



Nimeombwa nizungumzie sanaa. Nimemchagua mtu mmoja aliyezaliwa nchini kwetu na akafanya kazi yake yote ugenini, kwa sababu maisha yake yanajibu swali ambalo shule zetu hazijalijibu vizuri: je, anayechora picha ya kuning'inizwa ukutani ni msanii kuliko anayebuni kitambaa, bango au sahani? Jibu langu ni hapana, na ushahidi wangu ni Lubaina Himid.

Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake, mtu wa asili ya Komoro, alifariki kwa malaria mtoto akiwa na umri wa miezi tu. Mama yake, Mwingereza aliyekuwa mbunifu wa vitambaa, akarudi naye London. Kwa hiyo binti huyu alikulia katika nyumba ambamo rangi na nakshi zilikuwa riziki. Alipofika chuo hakusomea uchoraji. Alisomea ubunifu wa jukwaa la maigizo katika chuo cha sanaa cha Wimbledon, akahitimu mwaka 1976.

Naomba tukae hapo kwenye jukwaa. Mbunifu wa jukwaa hujifunza kukata ubao ukawa mtu, kuupaka rangi upande unaotazamwa, na kuusimamisha mahali ambapo mtazamaji hawezi kuukwepa. Hujifunza pia nani awe katikati na nani awe pembeni. Kila alichokifanya Himid baadaye, hata pale anaposhika brashi na turubai, kimetoka katika elimu hiyo. Wanaomwita mtu wa mambo mengi wanahesabu vifaa vyake. Mimi naona kazi moja tu aliyoishikilia kwa miaka arobaini na zaidi, ya kuwatoa pembeni watu waliofichwa na kuwasimamisha mbele.

Aliianza kwa wenzake. Mwaka 1983 aliandaa maonyesho ya wasanii watano wanawake weusi katika Africa Centre, London. Mwaka 1985 akaandaa mengine, The Thin Black Line, katika taasisi ya sanaa ya ICA, yakiwa na wasanii kumi na mmoja. Kazi zao zilitundikwa kwenye ujia, mahali pa watu kupita. Leo majina yale yanatamkwa kwa heshima: Sonia Boyce alishinda Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho ya sanaa ya Venice, mwaka 2022, na mwaka huohuo Veronica Ryan akashinda Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza. Himid aliwaona mapema, akawatafutia ukuta hata ulipokuwa ukuta wa njiani. Kwangu mimi kazi hiyo ina uzito sawa na mchoro wowote aliouchora.

Mwaka 1986 alichukua picha maarufu ya William Hogarth, mchoraji Mwingereza wa karne ya 18, akaigeuza kuwa kundi la sanamu bapa za mbao zilizosimama sakafuni. Margaret Thatcher na Ronald Reagan wamo, wakitongozana. Kwa Hogarth, mtu mweusi alikuwa mtumishi wa kubeba kikombe. Kwa Himid, nafasi hiyo imeshikwa na msanii mwanamke mweusi.

Lakini kazi ninayotamani kila mmoja wenu angeiona ni Naming the Money, ya mwaka 2004. Ni watu mia moja wa mbao, wenye kimo cha mtu mzima, waliopakwa rangi kali. Mgeni hutembea katikati yao kama anavyopita sokoni siku ya gulio. Wamo wapiga ngoma, wacheza ngoma, wafinyanzi, mafundi viatu, waganga wa mitishamba, wachora ramani, watengeneza midoli, wafunza mbwa. Ni Waafrika waliopelekwa Ulaya kuwa watumwa wa matajiri. Ukizunguka nyuma ya kila mmoja unakuta karatasi ya hesabu, ile ya mapato na matumizi, na juu yake maneno machache: jina lake la kwao na jina alilopewa, kazi aliyoijua na kazi anayofanyishwa, na jambo dogo linalomfariji. Karatasi ambayo ilimgeuza mtu kuwa bei ndiyo inayomrudishia jina. Sijui njia nyingine ya kufundisha utumwa inayomfika mtoto wa shule haraka kiasi hicho, na haikuhitaji marumaru wala shaba. Mbao, rangi na msumeno vinapatikana hata hapa.

Mwaka 2007, Uingereza ilipoadhimisha miaka 200 tangu kupiga marufuku biashara ya watumwa, alinunua vyombo vya mezani vilivyokwisha kutumika: sahani, majagi, mabakuli ya supu. Akavichora upya juu ya nakshi zao za zamani, vipande mia moja, akaviita Swallow Hard. Humo mna nyuso za watumishi weusi, na mna mabwana wa Lancaster, mji uliotajirika kwa watumwa, wakitapika. Baadaye, Liverpool, alipaka rangi vyombo vya kugandishia jeli, akivifanya vielelezo vya mabanda ya kumbukumbu ya watu weusi walioujenga utajiri wa mji ule. Banda moja la namna hiyo lilijengwa kweli mwaka 2017, ufukweni mwa mji wa Folkestone, Uingereza.

Mwaka huohuo wa 2017 Tuzo ya Turner iliondoa kikomo cha umri cha miaka 50, na Himid akaichukua akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Wakati huo alikuwa profesa huko Preston, katika Chuo Kikuu cha Central Lancashire, mbali na vishindo vya London. Tuzo ilimkuta kazini.

Na sisi? Zanzibar imo katika michoro yake ya mwaka 1999 yenye jina hilohilo. Kanga nayo imo: amebuni mfululizo mzima wa picha zenye pindo, mji na maandishi, kwa mpangilio ambao mama yeyote wa Mlowo angeutambua bila kuelezwa. Uingereza ilimteua kuiwakilisha katika maonyesho ya sanaa ya Venice ya mwaka 2026. Hatuwezi kusema tulimlea wala tulimsomesha. Tunachoweza kusema ni kwamba mpangilio ule wa kanga aliukuta tayari umekamilika, umebuniwa na wanawake wa pwani yetu ambao hakuna aliyewahi kuwaita wasanii.