Wangojao Langoni

Asubuhi hii twataka kuketi kidogo na Mfalme Daudi langoni, katika Kitabu cha Pili cha Samweli, mlango wa 18. Vita ni vya Waisraeli kwa Waisraeli. Mlinzi juu ya paa aona mtu akipiga mbio, naye mjumbe afika na kutangaza ushindi. Lakini Daudi hana haja na ushindi. Auliza habari za Absalomu, mwanawe yule yule aliyeongoza maasi. Alipojibiwa alipanda chumba cha juu akalia, na askari wake walioshinda wakaingia mjini kwa kunyemelea, kana kwamba wamekimbia vita.

Daudi angalau aliletewa habari siku ile ile. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, maelfu ya wazazi hawakuletewa lolote. Walikufa askari wapatao 620,000, na wako wataalamu wasemao walizidi hapo. Wengi waliuawa na maradhi kuliko risasi. Hapakuwa na utaratibu thabiti wa kuwajulisha jamaa. Askari wengine, kabla ya kupigana, waliandika majina yao kwenye karatasi wakayabandika kwenye makoti, ili maiti zao zitambulikane. Nyumbani mama alingoja barua ya rafiki wa mwanawe, au ya kasisi wa jeshi.

Mwaka 1865 Clara Barton, aliyewahudumia majeruhi vitani, alianzisha ofisi ya kuwatafuta waliopotea. Hadi 1868 ilikuwa imejibu barua zaidi ya 63,000, na kujua yaliyowapata watu zaidi ya 22,000. Alisaidiwa na kijana Dorence Atwater, aliyekuwa mfungwa Andersonville, Georgia, ambako wafungwa karibu 13,000 walikufa. Atwater aliwekwa kuandika orodha ya wafu, naye akajinakilia nyingine kwa siri kwa ajili ya jamaa zao. Hata hivyo makaburi kama 460 hayakupata jina.

Tena kuna askari aliyeona jina lake gazetini, akamwandikia Barton kwa hasira: amekosa nini hata atangazwe nchi nzima? Barton akamjibu kwamba jamaa zake wanamjali kuliko yeye anavyowajali. Alikuwa hai mtu huyo, mikono anayo, na kwao walikuwa wangali langoni.

Na tuombe.