JE, KIZIWI ANGECHAGUA KUSIKIA?

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wazee wa shule, Tabora)



Katibu wetu aliponiandikia, alinitaka nizungumze juu ya faida za elimu. Nilimjibu kwamba katika mkutano uliopita tulizungumziwa faida za elimu, na katika ule wa kabla yake vilevile, na kwamba vijana wakiyasikia maneno hayo mara ya tatu watasinzia, nasi wazee tutawatangulia. Nikaomba ruhusa niwaletee jambo ambalo hivi sasa linajadiliwa nyumbani kwangu, na ambalo limeninyima usingizi. Nashukuru nimekubaliwa.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu anayekaa Dar es Salaam, ana umri wa miaka miwili na nusu. Hasikii. Wazazi wake walianza kushuku siku sufuria ilipoanguka nyuma yake jikoni, kuku wakatimka mpaka barabarani, naye hakugeuka. Madaktari wamempima na kusema anafaa kufanyiwa upasuaji wa kupandikizwa kifaa cha kusikia. Tiba hiyo ilianza kutolewa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto wetu walipelekwa nje, hasa India, kwa gharama ambayo mtu wa mshahara wa kawaida hawezi hata kuitamka.

Yafaa niseme kifaa hicho ni nini, maana hata katika familia yangu wapo waliodhani kwamba mtoto anawekewa sikio jipya. Si hivyo. Kile kifaa cha kuvaa sikioni ambacho wengi mmekiona huikuza sauti tu, na hufaa kwa mwenye masalia ya kusikia. Hiki kingine kina sehemu mbili. Moja hupandikizwa chini ya ngozi nyuma ya sikio, na uzi wake mwembamba ukaingizwa ndani kabisa, mahali palipojizungusha kama konokono, ili kuugusa mshipa wa fahamu kwa umeme. Sehemu ya pili huvaliwa nje, ina maikrofoni na betri, nayo huvuliwa wakati wa kulala na kuoga. Sauti anayoipata mtu si hii tunayoipata mimi na ninyi. Ubongo hauna budi kufundishwa kuitambua, na kazi hiyo ni ya miaka, pamoja na mwalimu mwenye ujuzi. Mtoto aliyezaliwa hasikii akifanyiwa mapema, kabla ya umri wa kwenda shule, huweza kufaidi sana. Akichelewa, faida hupungua. Kwa hiyo, ndugu zangu, mtu hawezi kungoja mtoto akue ndipo amwulize. Hapo ndipo penye mwiba.

Tulikaa baraza la familia. Shemeji mmoja alisema tuuze kiwanja cha Ipuli mara moja, kwani ni nani asiyetaka kusikia? Mwingine akasema ni kazi ya Mungu, tusiiguse. Binti yangu alikuwa analia. Tulikuwa watu kumi na mmoja chumbani, wote wenye masikio, tukiamua habari ya asiyesikia. Nikasema tusiende mbele mpaka tumemwita mdogo wangu.

Mdogo wangu ni fundi seremala hapa hapa mjini. Alipata homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka mitatu, akapona, lakini masikio hayakupona. Wakati huo mtoto wa namna hiyo aliitwa bubu, jina ambalo naomba vijana mliache. Mdogo wangu hana ububu wowote, na ukibishana naye juu ya bei ya mbao za mninga utakiri mwenyewe. Bahati yake ilikuwa kuzaliwa Tabora. Mwaka 1963 Kanisa Katoliki lilifungua hapa shule ya viziwi, ya kwanza katika nchi nzima. Shule ya pili, ile ya Buguruni, Dar es Salaam, ilikuja mwaka 1974. Fikirini basi: kwa zaidi ya miaka kumi mtoto kiziwi wa Mtwara au wa Bukoba, kama alisoma katika shule ya wenzake, ilimpasa aletwe huku kwetu, kwa njia ile ile ya misafara, safari hii kwa treni.

Mimi nilikuwa nikimtembelea Jumapili. Elimu ya viziwi ya miaka ile, hapa kwetu na kwingineko duniani, iliweka mkazo katika kusoma midomo na kujifunza kutoa sauti. Fikra hiyo ilikuwa na asili ya mbali. Mwaka 1880 walimu walikutana Milan, Italia, wakapiga kura kwamba usemi wa kinywa ndio bora na kwamba ishara za mikono ziondoke madarasani. Waliopiga kura karibu wote walikuwa watu wanaosikia. Ilichukua miaka 130, hadi mkutano wa Vancouver, Kanada, mwaka 2010, kwa walimu wa dunia kusema kwamba uamuzi ule ulidhuru watu. Lakini nje ya darasa watoto hawakungoja Vancouver. Nilipokwenda kumwona mdogo wangu niliwakuta chini ya mwembe, mikono inakwenda mbio, wanacheka mpaka wanaanguka. Nilikuwa mimi peke yangu nisiyeelewa. Ndipo nikaanza kufundishwa, kwa malipo ya karanga. Aliniambia kwamba kitu wanachokichukia ni taa kuzimwa usiku, kwani taa ikizimwa maneno yamekwisha, ila usiku wa mbalamwezi hulala alfajiri.

Basi alikuja barazani, akaketi, nami nikawa mkalimani. Nilimwuliza: mtoto huyu akipewa kusikia, ni vema? Na wewe, ungepewa leo, ungekubali?

Hakujibu upesi. Alitaka kujua kwanza ni kusikia kwa namna gani, na kama kunaweza kufungwa na kufunguliwa. Nikamweleza habari ya kile kipande cha nje. Akasema angependa kuusikia mlango, kwa maana wateja hugonga wakaondoka, na angependa kuisikia treni anapovuka reli. Baa iliyo mbele ya nyumba yake hapana. Majirani wanamsimulia makelele yake, naye hulala vizuri kuliko wao wote. Halafu akasema neno ambalo limenikaa. Alisema, kwa mikono yake: "Mnaniuliza kama nataka kusikia. Miaka sitini nimewasubiri ninyi mnione ninaposema." Kwake yeye mwenyewe, akamaliza, hapana, amechelewa na hana shida. Kwa mtoto, asubiri afikiri.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa hadithi nzuri ya kupigiwa makofi. Lakini mke wake alikuwapo pia, naye alikuwa amekunja uso. Shemeji yangu huyu alisikia mpaka alipokuwa na miaka kumi na miwili, akaugua kifua kikuu, akachomwa streptomaisini kwa miezi. Dawa ile imewaponya watu wengi, lakini huweza kuharibu usikivu, kama vile kwinini ikizidi. Yeye alisema kwa sauti, maana bado anasema kwa kinywa: "Mimi ningechukua leo. Ningeuza cherehani. Mume wangu hajui alichokosa, mimi najua. Nimesahau sauti ya mama yangu." Kukawa kimya. Mume wake, ambaye alikuwa amesoma midomo yake, aliushika mkono wake, lakini hakubadili jibu lake.

Kwa hiyo nawaomba, anayewaambia "viziwi wanataka hivi" mwulizeni: viziwi gani? Aliyepoteza kusikia ukubwani anaomboleza kitu alichokuwa nacho. Aliyekua bila kusikia, katikati ya wenzake wenye lugha kamili, mara nyingi haoni pengo. Huona watu wasioijua lugha yake. Wapo kati yao wanaokiona kifaa hiki kama jaribio la kulimaliza kabila lao, na wapo wanaokipokea kwa mikono miwili. Sioni sababu ya kuwalazimisha wawe na jibu moja, mradi sisi wenye masikio tumeshindwa kukubaliana juu ya kiwanja kimoja cha Ipuli.

Vijana wa somo la historia wataniruhusu nitoke nje kidogo, kwa sababu mji wetu una habari yake ya sikio, na inanisaidia kufikiri. Mnajua kwamba Burton na Speke walifika Kazeh, yaani hapa, Novemba 1857, wakaendelea mpaka Ujiji. Mwezi Machi 1858 Speke alivuka Ziwa Tanganyika hadi kisiwa cha Kasenge. Usiku mmoja, baada ya dhoruba, aliwasha mshumaa, hema likajaa mende wadogo weusi, na mmoja akamwingia sikioni akaanza kuchimba. Speke alijaribu siagi iliyoyeyushwa, haikusaidia, ndipo akamchokoa kwa ncha ya kisu. Alimwua mdudu, na sikio lake pia. Lilivimba, likatunga usaha, uso ukapinda, kwa siku nyingi akawa hawezi kutafuna. Aliandika mwenyewe kwamba tundu lilitoboka mpaka puani, hata akipenga kamasi sikio hupiga mluzi na watu hucheka.

Waliporudi Kazeh mwezi Juni, Speke alikuwa hasikii vizuri. Lakini sikio halikuwa ndilo lililomtenga na watu wa mji huu. Burton alikijua Kiarabu vizuri sana, akakaa na wafanyabiashara wa Kiarabu akipata habari zote. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Mtu aliyeweza kuzungumza naye ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni akafikishwa India, na wote wawili walikutana katika Kihindustani cha kubahatisha. Kwa lugha hiyo ya viraka Speke aliondoka hapa Julai akielekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona Ziwa Nyanza. Mwenye sikio bovu alifika ziwani kwa sababu alikuwa na mtu mmoja wa kuelewana naye.

Ndicho ninachokiogopa kwa mjukuu wangu. Siogopi ukimya. Naogopa miaka mitatu au minne ya kungoja kifaa, kisha kungoja ubongo ukizoee, huku hakuna mtu nyumbani anayemwambia kitu akakielewa. Watoto wengi mno walio viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Kwa hesabu za Marekani ni zaidi ya 9 kati ya 10. Yaani mtoto huzaliwa ugenini, ndani ya nyumba ya mama yake. Lugha ina msimu wake kama mahindi, na mvua ikipita haimngoji mkulima. Wapo wanaowaambia wazazi wasitumie mikono kabisa ili mtoto asiwe mvivu wa kusema. Binti yangu aliambiwa hivyo. Mimi nimefundisha miaka thelathini na mitano, na sijamwona mtoto aliyeshindwa lugha ya pili kwa sababu alikuwa na ya kwanza. Mngekuwa nyote mmeshindwa Kiswahili kwa ajili ya Kinyamwezi, Kisukuma na Kiha.

Vijana mfahamu pia kwamba kiziwi si mtu wa kungoja tu. Andrew Foster, Mmarekani mweusi, alipoteza kusikia akiwa na miaka 11 kwa homa ya uti wa mgongo, kama mdogo wangu. Mwaka 1954 akawa Mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha Gallaudet, na tangu mwaka 1957 alipoanza Ghana alianzisha zaidi ya shule 30 za viziwi katika nchi 13 za Afrika. Alifariki Desemba 1987 kwa ajali ya ndege Rwanda, akiwa bado safarini. Hapa kwetu viziwi wenyewe waliunda CHAVITA katika miaka hiyo hiyo ya 1980. Nanyi mnakaa mji mmoja na shule ya kwanza ya viziwi nchini. Ndugu Mkuu wa Shule, nakuomba uwaruhusu vijana wa kidato cha tatu waende huko Jumamosi wakafundishwe alama. Karanga nitanunua mimi.

Mtataka kujua tuliamua nini. Kiwanja kimeuzwa. Mtoto atapandikizwa kifaa, kwa kuwa msimu hautangoja, na kwa kuwa akikua akikichukia anaweza kukivua, lakini hawezi kurudi nyuma akakipata mapema. Fundi alikubali siku ya tatu, akatoa mchango wa kwanza, bei ya kitanda kizima cha mninga, na sharti moja: mtoto afundishwe mikono kabla ya upasuaji na baada yake. "Betri ikiisha," alisema, "atakuwa wangu tena, naye asinikute mgeni."

Tarehe ya upasuaji bado hatujapewa. Kila Jumapili jioni tunakusanyika mbele ya simu, wengine Dar es Salaam na wengine Tabora, na fundi anatufundisha. Vidole vya shemeji yule aliyetaka kuuza kiwanja ni vigumu kama kuni. Mtoto ametushinda wote. Alama anayoipenda kuliko zote ni ile ya "bado", naye huitumia kila anapoitwa kulala.